Skrini Pana na Kiwanja cha Mama Kavira

Wanangu, hakuna neno linalonikasirisha katika kazi yetu kama hili: "Inatumika." Nalisikia kila wiki. Kijana ananiletea kompyuta ya mteja, taa zinawaka, picha inatokea, basi anapangusa mikono kwenye suruali na kuniambia, "Koko, inatumika." Namuuliza inatumika namna gani. Ananitazama kama mtu anayemwonea bibi yake huruma.

Nimestaafu. Macho yangu hayaoni tena maandishi madogo ya kwenye vipuri, na ninamshukuru Mungu aliyenifikisha miaka ambayo wengi niliobatizwa nao hawakuifikia. Subira pia alinipa, tena nyingi. Lakini kwa neno hilo sina subira hata ya kujaza kijiko. Niliimaliza yote wiki moja, hapa Butembo, kwa sababu ya skrini. Nawaandikia habari hiyo ninyi mnaoshika bisibisi leo, na msitegemee niandike kwa upole.

Mimi nilianza kama mpiga chapa katika ofisi ya kanisa letu. Kompyuta ya kwanza ilipofika hakuna aliyethubutu kuifungua, na ilipozimika yenyewe wanaume wa ofisi waliizunguka mikono nyuma, kama watu waliofika msibani na hawamjui marehemu. Mimi nikachukua bisibisi. Aliyenifundisha kuishika vizuri ni Papa Kasereka, fundi wa redio aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Mtu mfupi, Mkristo wa kweli, mwenye ulimi wa pilipili.

Siku zangu za mwanzo nilinunua kadi ya picha iliyotumika, ile inayotengeneza kile mnachokiona kwenye skrini, nikajaribu kuichomeka ndani ya kompyuta. Haikuingia. Nikasukuma. Haikuingia. Nikasimama nikaweka uzito wangu wote, na wakati ule nilikuwa na uzito. Kikasikika *kacha*. Papa Kasereka alikuja akatazama ule mdomo wa plastiki unaopokea kadi, umevunjika.

"Masika," akasema, "hii mashini ilikukosea nini?"

"Papa, nilizani inakataa tu."

"Ilikuwa inakuambia hapana. Mutu akikuambia hapana, unamukalia?"

Akanilazimisha kuweka kipande kile kilichovunjika mezani kwangu mpaka Krismasi, ili kila anayeingia aulize ni nini. Nao waliuliza. Baadaye akanionyesha njia yake, ambayo sijaona fundi mwingine akiitumia: unaweka karatasi nyembamba juu ya mdomo ule wa kompyuta, unasugua kwa penseli, na umbo lote linatokea, urefu, upana na pengo lililopo katikati. Karatasi hiyo unaenda nayo sokoni. Kadi isiyolingana na karatasi, hata mwuzaji aape kwa jina la mama yake, unaiacha. Midomo ya kadi za picha haifanani. Kuna mirefu, kuna mifupi, kuna yenye pengo mbele na yenye pengo nyuma. Andikeni hilo mahali.

Sasa nakuja kwenye skrini.

Wakati huo vita vilikuwa vimetangazwa kuwa vimekwisha. Redioni vilikuwa vimekwisha. Barabarani vilikuwa vimebadilisha jina tu. Watu walikuwa wakikimbia kutoka upande wa Beni na vichwani wana magodoro, na kanisa letu lilikata viwanja kwenye shamba lake la kilimani na kuwagawia waliokimbia. Mpima ardhi alichora ramani nzuri, akapigilia vigingi, akaondoka. Baadaye askari wakapiga kambi pale msimu mzima wa mvua. Askari ana njaa na hana kuni. Walichoma vigingi vyote chini ya masufuria yao, wakaingia ofisini, wakawashia moto mafaili ya viwanja pia.

Kilichopona ni kompyuta moja. Katibu wa kanisa, Paluku, alikuwa ameibeba nyumbani ndani ya gunia, juu yake kaweka maharagwe. Angekamatwa angepigwa vibaya. Naisema sifa hiyo kwanza kwa sababu mbele nitamsema vingine, na Mungu hapendi tumsimulie mtu nusu. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na picha ya ramani, iliyopigwa kwa skana kabla karatasi haijaungua. Tarakimu zake hazikusomeka tena, lakini mistari ilikuwa safi. Kila mwenye kiwanja kilimani alitegemea picha ile moja.

Skrini yake ya zamani, ile nene yenye mgongo kama wa kobe, iliuawa na jenereta siku umeme uliporuka. Marafiki wa kanisa kutoka ng'ambo wakaleta nyingine, mpya, bapa, pana. Nikaitwa kuiunganisha. Nikachomeka, nikawasha. Jambo la kwanza lililotokea ni picha ya Pasta akifungisha ndoa, na ofisi nzima ikacheka, kwa sababu Pasta wetu, mtu mwembamba kama fimbo, alikuwa amenenepa.

"Pasta amekula mbuzi ya konferansi peke yake!" akasema Paluku.

Nilicheka nami. Kisha nikafungua orodha ya vipimo vya picha. Hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu ndipo kazi ilipo. Skrini za zamani zilikaribia mraba: hatua nne kwenda pembeni, tatu kwenda juu. Skrini ile mpya ilikuwa nane kwa tano. Kipimo chake kimeandikwa nyuma ya mgongo wake: elfu moja mia nne arobaini kwa mia tisa. Kompyuta ile ilikuwa mzee. Picha zake zilitengenezwa na kijisehemu kilichoshonewa kwenye ubao wake mkuu, na kijisehemu hicho hakikujua kipimo kile. Orodha yote nilipoipitia, hakikuwemo. Kwa hiyo kompyuta ilitoa picha ya nne kwa tatu, na skrini ikaivuta pembeni mpaka ikajaa. Kwenda juu, hakuna kilichobadilika. Kwenda pembeni, kila kilichokuwa na upana wa hatua tano kikawa na sita.

Nililijua hilo. Nilisimama mbele ya skrini nikalijua. Nje dereva wa lori la Kirumba alikuwa akipiga honi, maana nilikuwa na kazi huko na aliniahidi nafasi mbele.

"Mama Masika, iko muzuri?" akauliza Paluku.

"Iko muzuri," nikajibu. "Inatumika. Macho itazoea."

Nikapanda lori.

Haikupita miezi mingi, mwanamke akaja kwenye karakana yangu na simu ya kuchaji. Mama Kavira, mjane. Alikimbia kutoka upande wa Mabalako na watoto wanne, mumewe aliuawa shambani kwake. Kanisa lilimpa kiwanja kule kilimani, naye alikanyaga udongo kwa miguu yake mwenyewe, akajenga vyumba viwili, akapanda maharagwe mpaka ukingoni mwa korongo. Siku hiyo hakuondoka baada ya kunipa simu. Alikaa kwenye benchi.

"Mama Masika, wewe unajuaka mambo ya mashini," akasema. "Mashini inaweza kuhamisha nyumba ya mutu?"

"Namna gani?"

"Banasema nyumba yangu iko mu parcelle ya ule mutu wa mabati. Banasema mashini ndio imeonyesha."

Mtu wa mabati alikuwa mfanyabiashara mwenye duka la mabati, na parcelle yake, kiwanja alichopewa, ilikuwa kati ya kanisa na kiwanja cha mjane huyo. Nilifunga karakana nikaenda naye kilimani. Vigingi vipya vilikuwa vimepigiliwa. Mpaka ambao siku zote ulikuwa hatua chache kabla ya nyumba yake sasa ulipita nyuma ya nyumba, na nyumba yote imebaki upande wa jirani. Kiwanja chake kilianzia pale kikaendelea kwenda mashariki mpaka kwenye korongo, na kikapita. Sehemu kubwa ya kiwanja cha Mama Kavira ilikuwa hewani. Mnalijua korongo la Butembo, hamhitaji niwaeleze. Mtu akijenga pale atahitaji mabawa.

"Nilimuuliza Katibu, nilime wapi?" akasema Mama Kavira. "Akaniambia mvua ndio ilikula udongo, kanisa hapana."

Nikashuka ofisini kama moto wa nyasi. Paluku alinipokea kwa furaha, akataka kunionyesha kazi yake. Wino wa printa ulikuwa umekwisha tangu zamani, kwa hiyo alipima juu ya skrini yenyewe. Alikuwa amekata ukanda wa katoni na kuutia alama za wembe. Na ili asikosee, mtu mwangalifu, alikuwa ameulinganisha na ukuta mrefu wa kanisa, unaokwenda kutoka kusini kwenda kaskazini. Kila mtu anajua ukuta ule ni mita thelathini. Kwenye skrini ulikuwa sentimita sita. Basi sentimita moja ni mita tano. Halafu akalaza ukanda uleule kutoka kanisani kwenda mashariki mpaka kwenye mstari wa kiwanja cha Mama Kavira, akapata sentimita kumi na nne na kidogo, akaandika mita sabini na mbili. Wakavuta kamba mita sabini na mbili wakapigilia vigingi.

Mnaona? Alipima kwenda juu, ambako picha ilisema kweli, akatumia kipimo hicho kwenda pembeni, ambako picha ilisema uongo. Mita sitini zikawa sabini na mbili. Mita kumi na mbili za mtu mwenye watoto wanne zilimwendea mtu mwenye duka la mabati, na hakuna aliyeiba kitu. Hilo ndilo linanichoma hadi leo. Mwizi ningejua nimwambie nini.

Nilimwonyesha Paluku tangi la maji la misheni, ambalo kwenye ramani lilichorwa kama duara.

"Tangi yetu iko namna gani?"

"Ni ya muviringo."

"Na hii hapa?"

Akainamisha kichwa. "Ni muviringo... ya kulala."

"Paluku! Ni yai!"

"Mama, usinipigie makelele." Akagonga skrini kwa kidole. "Ni wewe mwenyewe uliweka hii ekra. Nilikuuliza, ukasema iko muzuri. Bashahidi bako hapa."

Mashahidi walikuwapo kweli. Mzee wa kanisa mmoja na mwalimu wa kwaya, wote waliocheka siku ile picha ya Pasta iliponenepa. Wakaitikia kwa vichwa kwamba nilisema.

Nikarudi karakana nikabeba skrini yangu nene ya zamani kichwani, mimi mwenyewe, nikaiunganisha mbele yao. Tangi likawa duara. Mita zikawa sitini. Nikasema, "Basi, mmeona."

Mtu wa mabati alikuwa ameitwa. Alitazama skrini nene, akatazama pana, akacheka. "Mama, hii ya zamani ni kidogo, njo maana vitu vyote vinakuwa kidogo. Mutu akiwa na macho mupya ataamini ya muzee?"

"Ile ya mupya ilitoka Ulaya," akasema mzee wa kanisa kwa sauti ya chini, kama anayetaja Maandiko.

Na Paluku, ambaye sasa alikuwa ameona aibu na aibu imemfanya kuwa mgumu, akasema: "Kama ni kweli, hii hii ekra mupya iseme. Ikisema sitini, nitang'oa vigingi kwa mikono yangu. Isiposema, tuache."

Pasta alikubaliana naye. Hiyo ilikuwa Jumanne. Wakanipa mpaka Jumamosi, na Mama Kavira akaambiwa akae nyumbani mwake asubiri.

Ninyi mtaniuliza kwa nini sikufanya jambo jepesi, la kupima upana wa kanisa, unaokwenda mashariki, na kuonyesha kwamba hapo ukanda unadanganya. Swali zuri. Jibu ni kwamba nilikuwa na hasira, na mwenye hasira anatafuta kushinda, hatafuti kupima. Lile wazo lilinijia nikiwa tayari njiani kwenda Beni, katikati ya mapori, na pale nilijitukana kwa Kinande mpaka jirani yangu garini akaniombea.

Ili skrini mpya iseme kweli nilihitaji kadi ya picha inayojua kipimo chake, na Beni ndiko kulikokuwa na mwuzaji wa vipuri vya kompyuta za zamani, vilivyopita mpakani Kasindi. Nilikuwa nimesugua karatasi yangu kwa penseli kwenye mdomo wa kompyuta ya kanisa, nikaikunja ndani ya kitabu cha nyimbo. Kwenye kizuizi cha barabara askari mmoja, kijana wa mbali, akakifungua kitabu karatasi ikaanguka.

"Mama, oyo nini? Plan ya nini hii?"

"Ni mudomo ya mashini, mwanangu."

"Mashini gani iko na mudomo? Hii ni njia. Hapa ni pont." Akaweka kidole kwenye pengo la katikati. "Unapelekea nani?"

Walinikalisha kwenye jiwe zaidi ya saa moja, karatasi ikapita mikononi mwa askari watano, kila mmoja akiona daraja lake. Mwishowe mkubwa wao akaja, mtu mzima, akaitazama, akasema, "Ni slot, ni mudomo ya kompyuta kweli. Nilikuwa na ordinateur mu bureau Kisangani." Akanirudishia, akanisindikiza garini akiniomba nimkumbuke katika sala. Nimemkumbuka. Mtu mmoja tu anayejua kitu anaweza kuokoa siku ya mwingine.

Mwuzaji wa Beni aliniwekea mezani kadi kubwa yenye feni, inang'aa kama sufuria ya arusi.

"Mama Masika, hii inapiga picha ile ya hatari."

"Haina mudomo wangu."

"Utasukuma kidogo."

"Nilisukumaka siku moja. Ondoa."

Akaleta nyingine iliyolingana na karatasi, nayo ina feni. Nikaikataa pia. Kompyuta ya kanisa ilikuwa na kisanduku cha umeme dhaifu, na kadi yenye feni ingekinyonya mpaka mashine yote izimike. Nikachukua ndogo, isiyo na feni.

"Ile ni ya bazee," akanicheka.

"Na mimi ni muzee. Washa."

"Kuwasha tena?"

"Weka mu mashini, unganisha na ekra ya mupana, unionyeshe orodha. Nisipoona elfu moja mia nne arobaini kwa mia tisa, silipi." Alinung'unika, lakini aliwasha, na kipimo kilikuwemo. Nikachukua na diski ya programu yake, maana kadi bila programu yake ni bubu. Wengi wenu mnaisahau diski kaunta, halafu mnalaumu kadi.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi barabara ikafungwa. Risasi zilisikika na magari yakageuka. Ijumaa hakuna gari lililotoka. Nililala nyumbani kwa dada mmoja wa kanisa, kadi chini ya kichwa changu, nikaomba kama sijawahi kuomba, na nakiri sala zangu hazikuwa safi. Ndani yake mlikuwa na jina la Paluku na jina la mtu wa mabati, na sikuwa nawaombea baraka.

Jumamosi msafara uliondoka asubuhi, askari mbele na askari nyuma. Nilifika Butembo mchana, nikapanda moja kwa moja kilimani kumwambia Mama Kavira nimeipata.

Nyumba haikuwepo.

Mtu wa mabati alikuwa amesoma "mpaka Jumamosi" kwa namna yake. Kwake Jumamosi ilianza jogoo alipowika. Vibarua wake walikuwa wameangusha kuta zote, mabati ya mjane yakapangwa vizuri pembeni, kwa heshima, na jiwe juu yasipeperuke. Watoto walikuwa wakiokota maharagwe kutoka kwenye udongo. Mama Kavira alikuwa amekaa juu ya godoro. Alinitazama, akatazama mfuko wangu.

Sijui nilishukaje ofisini. Nilikuta wote wanne: Pasta, Paluku, mzee wa kanisa na mtu wa mabati. Nilizima umeme, nikafungua sanduku la kompyuta. Nikagusa bati lake na kuhesabu pumzi kumi, kama nilivyofundishwa, maana umeme wa mwilini unaua kadi na hasira inaua kadi haraka zaidi. Nikaichomeka. Ikaingia bila kusukumwa. Nikawasha.

Skrini ikabaki nyeusi.

"Ndio ile umeenda kutafuta Beni?" akasema mtu wa mabati, akacheka.

Nilikuwa nimeacha waya wa skrini kwenye tundu la zamani. Mimi, fundi wa miaka mingi. Ukiweka kadi mpya, wanangu, waya uhamie kwenye tundu la kadi mpya. Ni kosa la kijinga, na nyote mtalifanya siku mnayotazamwa. Nikauhamisha. Nikaingia kwenye mipangilio ile ya bluu inayotokea mwanzoni, kabla kompyuta haijaamka vizuri, nikafunga kile kijisehemu cha zamani ili viwili visigombane. Nikaweka programu. Nikafungua orodha. Elfu moja mia nne arobaini kwa mia tisa. Nikachagua.

Picha ikazimika, ikarudi. Pasta akawa mwembamba. Tangi likawa duara.

"Leta katoni yako," nikamwambia Paluku. "Linganisha tena na ukuta wa kanisa, halafu pima mwenyewe."

Akalinganisha, akaongeza alama mpya za wembe, akalaza ukanda kwenda mashariki. Alipima mara tatu. Mara ya tatu hakuinua kichwa.

"Ngapi?" akauliza Pasta.

"Sitini."

"Sasa pima upana wa kanisa hapo hapo," nikasema. Akapima: mita kumi na mbili. "Twende nje na kamba." Tukatoka wote, tukavuta kamba mbele ya mlango wa kanisa. Kumi na mbili. Jambo la dakika tano, ambalo lingefanyika Jumanne, vyumba viwili vikiwa bado vimesimama.

Mtu wa mabati alisema yeye alifuata vigingi vya kanisa, akaenda zake. Mzee wa kanisa akavua kofia akasema, "Tumushukuru Mungu, kosa ilikuwa ya mashini, na sasa imetengenezwa. Tuombe."

Wakafumba macho. Mimi sikufumba. Nimesali maisha yangu yote, nimeongoza akina mama katika sala miaka na miaka, na siku hiyo nilikataza sala.

"Hapana," nikasema. "Mtamwambia Mungu nini? Mashini ilisema tangi ni yai. Ilituonyesha Pasta amenenepa, tukacheka. Ilisema tangu siku ya kwanza! Mimi nilijua, nikasema inatumika, kwa sababu lori lilikuwa linapiga honi. Wewe Paluku uliona korongo kwa macho yako, ukaamini katoni. Na wewe Muzee, uliona mutu anapewa hewa alime, ukanyamaza kwa sababu ekra ilitoka Ulaya. Tutaje hivyo kwanza. Halafu tuombe."

Pasta alikuwa wa kwanza kupiga magoti. Alisema, kwa Kinande, jina la kosa lake mwenyewe, kwamba alichoka na magomvi ya viwanja akataka kitu kingine kiamue badala yake. Paluku akafuata, na alilia. Sikumwonea huruma siku ile. Nimemwonea baadaye.

Tulipanda kilimani na vigingi jua likiwa bado juu. Paluku aling'oa vile vya uongo kwa mikono yake, kama alivyoahidi. Tukavuta kamba mita sitini, ikaishia hatua chache kabla ya kifusi cha nyumba. Mama Kavira akainuka kwenye godoro akaja.

"Mama Masika," akasema, "ile siku uliweka ekra, uliona kama inavuta?"

"Niliona."

"Ukajua?"

"Nilijua."

Nilingoja anitukane; ningepokea tusi lake kama dawa. Akainama akachukua kigingi, akanipa mkononi, kisha akaokota jiwe kubwa kwa mikono miwili.

"Shika," akasema. "Shika muzuri, kisipinde."

Nikapiga magoti kwenye udongo wa nyumba yake nikakishika. Akapiga kwa nguvu zake zote, jiwe likishuka karibu kabisa na vidole vyangu, na sikuviondoa.